Miche ya Shangazi na Kidude Kilicholala

Shangazi yangu wa Msambweni ana kitalu cha miche ya michungwa, na tangu nipate akili sijamwona akilala mbali nacho. Juzi juzi dada yake wa Lunga Lunga alikuwa anaoza binti, harusi ya siku tatu, na shangazi alitamani kwenda mpaka machozi yakamlengalenga. Ila miche amwachie nani? Mimi hanihesabu. Niliwahi kuimwagilia mara moja, nikaizamisha.

Basi nikajitia kimbelembele. Kazi yangu, huko Diani, ni kuandika programu zinazoviuliza vifaa visivyo na waya, "Wewe waweza nini?", kisha kuyaonyesha majibu kwenye simu kwa vitufe vya kubonyeza. Nikachomeka kidude udongoni, nikakiunganisha na bomba. Kinapima unyevu, kinafungua maji, kinafunga. Simu ya shangazi ikaonyesha vitufe vitatu, naye akacheka kama msichana.

Kesho yake asubuhi vitufe vilikuwa vimetoweka. "Kifaa hakina uwezo wowote," simu iliandika. Nilitamani ardhi inimeze. Harusi ilikuwa imebakiza siku mbili.

Nilipoichungulia programu niliuona ujinga wangu. Jana yake nilikuwa ndiyo kwanza nimekiwasha, kiko macho; kikiachwa, kidude kile hulala ili kisimalize betri, huamka kila baada ya dakika kumi. Nami nimelelewa nikiambiwa kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa, geuka uende zako. Ndivyo nilivyoandika, bila hata kufikiri: programu iulize mara tatu, ikikosa jibu ihesabu kwamba mwenyewe hayupo, ivifute vitufe vyake.

Nikamweleza shangazi. Alikuwa akikuna nazi, hata kichwa hakuinua.

"Adabu unayo, mwanangu, sikatai. Lakini mtu akiwa amelala, si waacha maneno kwa jirani? Akiamka apewe."

Niliona haya, kisha nikacheka. Jirani alikuwepo: kisanduku cha intaneti juu ya kabati, kinachokula umeme wa ukutani na kukaa macho saa zote. Nikaandika upya. Ujumbe ukae pale, kidude kikiamka kiuchukue, na vitufe visifutwe eti kwa kuwa mwenyewe amelala. Kazi ilichukua mchana mzima na sahani mbili za wali wa nazi.

Shangazi akaenda, roho juu juu. Siku ya kwanza alifungua maji kwa simu mara moja, akanipigia mara tisa nikahakikishe. Nilikwenda nikaushika udongo, umelowa sawasawa. Siku ya pili alipiga mara mbili. Siku ya tatu hakupiga kabisa, mpaka nikaingiwa na hofu, nikampigia mimi.

"Shikamoo, shangazi. Miche haijambo."

"Marahaba, mwanangu," akapaza sauti juu ya vigelegele. "Miche gani?"