Mama na Mashine ya Posho Iliyogoma

Jumamosi ile mvua ilianza kabla wenye matrekta ya zamani hawajamaliza kuyapanga uwanjani kwa maonyesho ya mashine za kale. Hakuna aliyeondoka. Isiolo mvua tunaiomba miezi mingi, ikija hatuikimbii. Tulisimama kwenye tope, tumeizunguka injini ya mvuke iliyoletwa kwa lori kutoka kiwanda cha mbao huko juu mlimani. Matone yakigusa tumbo lake la chuma yaligeuka mvuke papo hapo.

Nilikuwa nimemleta mama. Baba alipofariki, mama ndiye aliyeendesha mashine yetu ya posho, ya kusaga mahindi, kule Kinna, peke yake, kwa miaka mingi. Nilidhani injini ya mvuke ingemfurahisha. Aliitazama kidogo, akanivuta mkono.

"Hii ni kubwa tu. Twende pale."

Pale, chini ya turubai, palikuwa na mashine ya posho ya dizeli, pacha kabisa wa ile yetu. Mekanika wake, mwanamume wa makamo kutoka Meru, alikuwa akizungusha hendeli huku jasho linamtoka. Injini inapiga duf moja, inanyamaza. Kina mama waliokuja na mahindi yao walishaanza kucheka.

"Salaam aleikum," mama akamsalimia.

"Aleikum salaam, mama. Leo imekataa. Nafikiri ni hii baridi."

"Si baridi. Imemeza hewa. Nipe spana."

Mekanika alinitazama, kama anayeuliza kama huyu mama anajua anachosema. Nikainua mabega. Akampa. Mama akakunja mikono ya gauni, akalegeza nati kwenye paipu ya dizeli, akaiacha itoke na mapovu yake mpaka ikatiririka safi, akakaza. Alipojaribu hendeli, bega lake bovu likakataa. Akanigeukia.

"Njoo wewe."

Utotoni sikuruhusiwa hata kupita karibu na mashine ile. Sasa nina watoto wakubwa, lakini moyo ulinidunda vilevile. Mama alishika kile kishikio kidogo cha juu kinachoipa injini wepesi wa kuzunguka.

"Kidole gumba kikae nje, itakuvunja. Zungusha. Bado. Bado. Sasa."

Akakiachilia. Injini ikashika, duf, duf, duf, mpaka turubai likatikisika na maji yote yakatumwagikia shingoni. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee aliyesimamia ile injini ya mvuke akatujibu kwa king'ora kirefu, na mbuzi waliokuwa wamejikinga nyuma ya lori wakatimka.

"Mama, ungekuja kabla sijaumia mgongo," mekanika akasema.

"Hukuniita."

Jumapili mvua haikukatika. Mama aliniamsha akiwa ameshavaa gambuti. Mekanika alikuwa amemtafutia kiti kikavu, lakini hakukikalia. Alishinda kwenye mdomo wa mashine, akiupima unga kwa vidole na kumwambia mekanika akaze mawe ya kusagia kidogo.

Tulipoanza kurudi nyumbani Bulla Pesa jioni, alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Njiani ndipo aliponieleza alivyojifunza. Fundi wa zamani wa mashine yetu alikataa kumfundisha mwanamke. Basi kila alipokuja kutengeneza, mama alimpikia chai, akakaa karibu akitazama mikono yake.

"Alikunywa chai nyingi sana yule mtu," akasema, akacheka mpaka tukalazimika kusimama kando ya barabara, tunanyeshewa.