Kijiji Kilichonyamaza

Kabla ya kumpigia mama yake simu, Sikitu alitamka kwanza jibu ambalo mama angetoa. "Atasema: tuko, kakao inakataa kukauka na hii mvua." Ndipo akabonyeza namba. Jibu likifanana na lake, alicheka na kuendelea na mazungumzo. Likipishana, hata kwa sauti tu, aliuliza na kuuliza mpaka ajue kwa nini. Wenzake ofisini, mtaani Vulamba, walimtania miaka yote. Hakuacha.

Gracieuse, aliyeiongoza ofisi ile ndogo ya programu mjini Butembo, aliona kwamba kazi aliyompa ilikuwa tabia yake ileile kwa jina lingine. Walikuwa wakitengeneza programu ya simu kwa madereva wa malori, maana vita vilikuwa vimerudi kwenye barabara ya Beni na Oicha. Dereva angeuliza juu ya njia ya kijiji fulani. Seva, kompyuta kuu yenye habari zote, ingemjibu kupitia API, njia ya programu kuulizana: wazi, imefungwa, au haijulikani. Habari zilitumwa kila asubuhi na watu wa vijijini wenyewe. Sikitu aliandika skripti za majaribio: swali, jibu linalotarajiwa, na kando yake jibu lililokuja kweli. Yakilingana, mstari wa kijani. Yakipishana, mwekundu.

Siku ya kuizindua, wajumbe wa madereva wakiwa tayari uani, mstari mmoja ulibaki mwekundu. Jaribio lilihusu kijiji ambacho hakikutuma habari. Sikitu alitarajia "haijulikani". Seva ilijibu "wazi".

Paulin, aliyeitengeneza seva, alichungulia juu ya bega lake. "Eh, Sikitu! Hakuna mutu ameripoti hatari, donc njia iko wazi. Badilisha jibu lako mu skripti, yote inakuwa kijani, tunafungua chupa za sucré."

"Nibadilishe jibu langu, ao ubadilishe seva yako?"

"Seva itaomba siku mingi. Batu bako inje!"

"Yaya Paulin, weye ni mutoto wa huku Butembo. Kwetu Beni, kijiji kama kinanyamaza, batu bamekimbia. Ao bameshindwa kukimbia." Sauti yake ilishuka. "Papa yangu atasoma hiyo wazi yako, atawasha lori."

Wote wawili wakamgeukia Gracieuse.

Aliutazama ule mstari mwekundu. Kubadilisha neno moja tu, na wageni wangepiga makofi. Kisha akatoka uani.

"Mutusamehe, baba zangu. Haiko tayari. Inajibu hata mambo isiyoyajua."

"Basi iko sawa na shemeji yangu!" alisema mzee Jumaine, mmoja wa madereva, na wengine wakaangua kicheko. Baadhi yao waliondoka wakinung'unika, bila kumuaga.

Paulin aliitengeneza upya seva yake, mstari ukageuka kijani, na madereva wakaanza kuitumia. Issaka, baba yake Sikitu, aligeuza lori njiani zaidi ya mara moja kwa sababu ya lile neno "haijulikani", akirudi nyumbani Beu, pale Beni, na hasira na mzigo wake mzima.

Halafu, siku moja ya mvua, Sikitu alitamka jibu la mama yake kama kawaida, akapiga. Mama alisema "tuko," lakini kwa kunong'ona, na simu ikakatika. Baba alikuwa safarini Kasindi. Sikitu akachukua mkoba wake. Gracieuse alimsihi angoje; alipoona hasikii, alimsindikiza hadi kituo cha magari ya Beni.

Tangu hapo simu ya Sikitu haiiti. Issaka amewatafuta mtoto wake na mkewe kwa majirani, kambini, hospitalini. Kanisani watu humwuliza Gracieuse, kwa upole, wamwombee Sikitu kama mtu aliye hai au waombee wafiwa wake. Hujibu kwa neno lile moja la seva, "haijulikani", nao humwona mkaidi.

Pale kituoni, gari likiwa limeshawaka, Sikitu alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Mama Gracieuse, kama nanyamaza, hapana andika 'wazi'. Lakini 'imefungwa' pia, hapana andika."