Kuharibu Githeri kwa Heshima ya Shule

Shule yetu ya wavulana ni kongwe kuliko lami inayopita langoni, na ilikuwa maarufu kwa mambo mawili: kwaya na githeri mbaya. Kwaya ilikufa zamani. Mimi nilisoma hapo, nikarudi kufundisha, na kwa dhambi nisizozikumbuka nikakabidhiwa usimamizi wa jikoni.

Kila mwaka wanafunzi wa zamani hurudi kwa siku moja. Wanatoka Meru mjini, Mikinduri, hata Nairobi, na vitambi vyao, na wanachotaka ni kubanana kwenye mabenchi yale yale na kula ile githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, iliyowatesa. Mwaka juzi walinuna. Tulikuwa tumeajiri mpishi mpya, mama kutoka Gachoka aliyewahi kupika hotelini mjini Embu, na githeri yake ilikuja na viazi, dania na parachichi pembeni. Mwenyekiti wao alimaliza sahani mbili, kisha akasema shule imepoteza historia yake.

Basi mwaka jana mwalimu mkuu akaniagiza nimfundishe mama kupika vibaya.

"Mwalimu, watu watasema ni mimi nilipika hiyo kitu," mama aliniambia, mikono kiunoni. "Mimi niko na jina. Kwetu harusi haiwezi anza kama sijafika jikoni."

"Ni siku moja tu, mama. Mtu akiuliza, nitasema ni mimi."

Niliahidi kwa urahisi kwa sababu sikutarajia mtu aulize.

Tukaanza mazoezi. Nilimkataza kuchagua mawe kwenye mahindi. Nikigeuka tu, anachagua. Nilitaka maharagwe yabaki magumu, naye mkono wake unaenda wenyewe kwenye magadi. Mara ya tatu niliketi jikoni kama askari jela nikilinda vitunguu. Akaniuliza kama ni kweli tulikuwa tunatiliwa mafuta ya taa kwenye chakula ili tusiwawaze wasichana. Nikamwambia kila mvulana alijua hivyo. Alinitazama kwa huruma, akakataa katakata, tukaafikiana aiunguze githeri chini ili moshi uchukue nafasi ya harufu ya mafuta.

Siku ikafika. Mgeni wa heshima alikuwa mpishi wa zamani mwenyewe, yule aliyetupikia miaka yote ile, sasa mzee wa fimbo, ameletwa kutoka Ruiri ndani ya suti iliyomzidi. Mwenyekiti alitoa hotuba ndefu kuhusu mawe yaliyotufanya wanaume. Sahani zilipokuja, watu wazima walipiga makofi. Mmoja alivunjika kipande cha jino, akakipitisha meza nzima wenzake wakione. Nilijisikia vizuri mno, nakiri.

Mzee alitia kijiko kinywani. Akatafuna. Akatoa jiwe, akaliweka kando ya sahani. Akatoa la pili. Vijiko vikasimama meza baada ya meza.

"Nani amepika hii?"

Mama alisogea kutoka mlango wa jikoni, ameshika aproni kwa mikono miwili. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona.

"Ni mimi, mzee."

"Na uliambiwa ndivyo nilikuwa napika?"

 Mama alinitazama. Mimi nikaichunguza sahani yangu kwa makini sana.

"Hizo mahindi nilikuwa nachagua kila asubuhi, moja moja," mzee alisema. "Miaka hiyo yote. Nani alikufundisha hii upuzi?"

Nilisimama. "Ni mimi, mzee. Mama anapika vizuri sana. Hii ni kazi yangu, mpaka kuungua."

Alinikazia macho, kisha akawageukia wengine.

"Huyu namjua. Huyu alikuwa anakuja dirishani kila siku kuniomba ile imebaki kwa sufuria."

Ilikuwa kweli. Nilisimama pale mbele ya watu wote nikaikumbuka ladha yake, na ilikuwa tamu. Mwenyekiti alikohoa, akakisukuma mbali kile kipande cha jino.

Mama aliiondoa sahani ya mzee, akamletea nyingine kutoka sufuria ya wanafunzi, aliyoipika kwa njia yake. Mzee alionja, akaonja tena, akasogea kwenye benchi na kumwambia aketi karibu naye amweleze amefanyaje. Kisha akaninyooshea fimbo.

"Wewe maliza hiyo yako."

Nikamaliza.