Vitumbua vya Watu wa Buloko

Juzi nilishuka Kasongo kutoka Kabambare, mgongo umechoka kwa pikipiki na mashimo ya njia, na kabla sijafuta vumbi machoni nikanusa unga wa mchele ukiiva ndani ya mawese. Nikasimama palepale kando ya barabara. Kijana wa pikipiki akadhani naumwa, akaniuliza kama nataka maji. Sikuwa naumwa, rafiki yangu. Nilikuwa nimekasirika. Harufu ile hunitia hasira mpaka leo, hasira ambayo sitaki iniishe, na ukinipa sikio nitakueleza ilikotoka.

Wabelgiji walikuwa wangali wanatutawala. Mimi nilikuwa msichana wa shule ya watawa, nikiishi na nyanya yangu, mama mzazi wa mama yangu. Nyumba yetu iliamka kwa sauti ya kinu. Mchele ulilala ndani ya maji, asubuhi tukautwanga, tukauchanganya na ndizi iliyoiva sana mpaka uumuke, kisha nyanya akaukaanga kwa mawese hadi ukingo wa kila kitumbua uwe mwekundu na kukwaruza ulimi. Kazi yangu ilikuwa kuni, maji na kufukuza kuku. Nyanya alikuwa Mkristo, dada yake Mwislamu, na kwa vitumbua hawakuwa na dini mbili.

Miaka hiyo kila mwanaume alipimiwa shamba la pamba la serikali. Apende asipende, alilima. Nyanya alikuwa akisema, "Pamba haina mchuzi." Jirani yetu, kijana aliyetoka upande wa Kabambare na kuoa huko huko kwao, aliyachukua maneno hayo kwa uzito kuliko wengine. Mke wake alipokaribia kuzaa na ghala likawa tupu, aling'oa sehemu ya pamba akapanda muhogo. Askari walikuja wakamfunga kamba mikononi, wakampeleka buloko. Ndivyo tulivyoita gereza. Mke akabaki na kichanga, bila ndugu hata mmoja Kasongo.

Sasa, shuleni kwetu kulikuwa na kazi ya huruma. Madamu, mke wa yule mzungu mkubwa wa teritwari, yaani wilaya yetu, alikuwa na chama chake cha kusaidia maskini. Sisi wanafunzi tulikata maua ya karatasi nyekundu, tukayafunga kwa uzi, tukatumwa kuyauza nyumba kwa nyumba. Niliyauza kwa moyo wote. Nilikuwa na sauti kali, na mama wa mtaani walinunua wakicheka, wakachomeka maua yale kwenye vilemba. Nilimwambia mke wa jirani, "Jumapili njoo misioni. Iko maziwa, iko blanketi. Ni sisi tumeuza maua ya kuyanunua."

Alikuja. Alijipanga kwenye mstari na mtoto mgongoni, nami nilikuwa nimesimama pembeni ya meza, nimevaa sare, najiona mkubwa. Zamu yake ilipofika, madamu akauliza jambo kwa Kifaransa, na mtawa aliyetufundisha akaligeuza kwa Kiswahili: "Bwana yako iko wapi?"

"Iko buloko, mama."

Mtawa alimweleza madamu. Madamu akatikisa kichwa, akamwita aliyefuata.

"Musaada si ya watu wanaokataa kazi," mtawa akasema. "Toka kwenye mustari."

Hakulia. Alimkaza mtoto kwa kitenge, akaondoka mbele ya watu wote. Mimi nilibaki nikiyatazama maua kwenye vilemba vya mama zetu, na uso ukaniwaka.

Nilimsimulia nyanya. Alienda kuloweka mchele, mwingi kuliko siku zote. Kesho yake dada yake alikuja na sabuni za majivu, mama mwingine akaleta miko ya mti, mwingine karanga za kukaanga ndani ya majani. Wote walikuwa na mtu buloko, au jirani mwenye mtu buloko. Waliviuza vitu hivyo njiani, na kilichopatikana kikawa chumvi, samaki wakavu wa Nyangwe na kitambaa kwa nyumba ambazo madamu aliziruka. Mimi nilibeba sinia ya vitumbua kichwani baada ya masomo. Sauti ile ile niliyouzia maua, sasa ilipaza: "Vitumbua! Vitumbua vya watu wa buloko!" Nyanya alinifundisha nitamke hivyo hivyo, bila kuficha. Alisema, "Anayetoa ajue anamupa nani."

Maneno hayo yalifika misioni upesi. Mtawa aliniita mbele ya darasa.

"Nani anakutuma?"

"Sitasema, mama."

Alinipigisha magoti juu ya changarawe, uani, juani. Kila alipopita aliniuliza tena, nami nikajibu vilevile. Mwishoni akaniambia niende nyumbani, nirudi siku nitakayokuwa na la kusema. Sikuwa nalo, na sikurudi. Nilipenda shule, usidhani vinginevyo. Nilipenda harufu ya chaki na nyimbo za asubuhi. Lakini usiku ule nyanya alipokuwa akinikanda magoti kwa mawese ya moto aliuliza kama nimeumia, nikamwambia ndiyo, akauliza kama ninajuta, nikamwambia hapana. Na leo, na mvi zangu zote, ukiniuliza jibu ni lile lile.

Haikuwa lazima niseme. Kasongo nzima ilijua. Askari alikuja kumwita nyanya kwenye biro, yaani ofisi, ya Bwana Mkubwa, mume wa madamu, nami nikamfuata mpaka mlangoni. Yule mzungu alijua Kiswahili vizuri.

"Kikundi chenu kinaitwa namna gani?"

"Hakina jina, Bwana."

"Mukubwa wake ni nani?"

"Hakuna. Tuko majirani tu."

"Kuchangisha bila ruhusa ni kosa. Nani alikupa ruhusa?"

Nyanya alinyoosha kilemba chake. "Bwana, ruhusa ya kumupa jirani chumvi, mimi nilipewa na mama yangu. Yeye alishakufa. Kama unataka, umufuate umuulize."

Askari aliyesimama nyuma yake alitazama miguu yake mwenyewe. Bwana Mkubwa hakutazama chini. Nyanya alifungwa siku hiyo hiyo, akapewa ufagio wa kufagia barabara iliyopita mbele ya biro.

Walidhani wamemaliza mambo. Hawakujua wamefungua mlango. Ndugu wa mfungwa aliruhusiwa kumletea chakula, na mama zetu walikuwa wakiutafuta ufa kama huo. Asubuhi iliyofuata walijipanga getini, kila mmoja na sinia yake: sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki, vitumbua. Aliyelinda alikuwa askari mwenyeji wa Wamaza, mtu mnene mwenye sauti ya upole.

"Uko nani wake?" akamuuliza wa kwanza.

"Niko mutoto wake."

"Na wewe?"

"Mutoto wake."

Mkristo, Mwislamu, Mzimba, Mbangubangu, wote watoto. Akafika dada ya nyanya, kichwa cheupe, hana meno.

"Na wewe, mama? Hata wewe?"

"Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa."

Askari alishika tumbo akacheka mpaka machozi. "Huyu mama alizaa Kasongo muzima," alisema, akafungua geti.

Chakula kile kisingeweza kuliwa na mtu mmoja. Kiligawanywa humo ndani, na jirani yetu, aliyekuwa amekonda na kukohoa, alikula wali uliopikwa na mke wake kwa mara ya kwanza tangu wamfunge kamba. Nyanya alipofunguliwa alipumzika siku moja, kisha akarudi getini na sinia.

"Mama, wewe ulishatoka," askari akamwambia. "Unakuja kwa nani?"

"Watoto wangu wako humo ndani. Nitawaacha namna gani?"

Akampisha. Nadhani alikuwa amechoka kutii, au alikuwa na njaa. Kitumbua cha kwanza kilikuwa chake kila siku.

Jirani alitoka buloko akiwa hai. Alirudi shambani, akapanda muhogo katikati ya mistari ya pamba, safari hii kwa ujanja zaidi. Baadaye walihamia kwao Kabambare, na mimi nilipokua niliolewa na mdogo wake. Ndiyo sababu naishi kule.

Wale mama wote wamekufa. Gereza limebomoka, nyasi zimelala juu yake. Siku hizi misaada huja na magari na fulana zenye maandishi, na kabla ya kukupa chumvi wanakuuliza mkubwa wenu ni nani. Sikatai chumvi yao. Ila nawasikia wajukuu wangu wakisema zamani ya Wabelgiji ilikuwa nzuri, eti barabara za Kasongo zilikuwa safi. Naacha ninachofanya, namgeukia anayesema, na kumwambia: ndiyo, zilikuwa safi. Nyanya yangu ndiye aliyezifagia, na alikuwa akiimba.