Kona ya Kushoto

Bunduki ilimchana shavu, na jeshi likalishitaki shavu. Hivyo ndivyo alivyotendewa sajenti wa uwanja wa shabaha, mwanamke ambaye kambi nzima ilimwita Mashoto, na hakuna namna ya kulisimulia jambo hilo kwa upole bila kulipotosha. Asubuhi moja aliitwa kuijaribu bunduki mpya iliyokuwa inakuja kuchukua nafasi ya zile kongwe. Akaiweka kwenye bega lake la kushoto kama alivyozoea, akalenga, akafyatua. Ganda la moto likachomoka ubavuni mwa silaha na kumpasua chini ya jicho. Ripoti iliyopanda juu ikasema jeraha limesababishwa na mtumiaji kushika silaha kinyume cha utaratibu. Juma halikuisha akawa amevuliwa ukufunzi na kupelekwa kwenye karakana ya mbao nyuma ya uwanja, agongelee vibao ambavyo wengine wangevilenga.

Mashoto alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, wala hakumwomba mtu radhi. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na binti alipoanza kumsaidia kukata vitambaa, mkasi ukawa unatafuna nguo badala ya kuikata. Shangazi zake wakasema mkono ule ufungwe hadi usahau ukaidi. Mama akaupeleka mkasi kwa mhunzi, akaagiza mwingine wenye makali yaliyogeuzwa. Akamwambia mtoto, mkasi ukikataa kukata, utazame mkasi kabla hujaugombeza mkono.

Jeshini hakukuwa na mhunzi wa namna hiyo. Kuruta yeyote aliyeweka kitako cha bunduki bega la kushoto alinyooshwa kama msumari uliopinda, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka akasahau alikuwa nani. Mashoto aliponea chupuchupu. Bunduki kongwe ilikuwa ndefu, maganda yake yakiangukia mbele, mbali na uso, na mkuu wa uwanja wa enzi hizo, alipoletewa kibao chake kikiwa na matundu yaliyobanana katikati, alisema kwa uchovu, “Mwacheni. Hata akiishika kwa meno, mwacheni.” Akaachwa, na kwa kuachwa huko akawa mkufunzi bora kuliko wote waliopita pale.

Bunduki mpya ilikuwa fupi, na ufupi wake ndio uliokuwa sifa na balaa yake. Walioibuni waliisukuma sehemu inayopokea risasi nyuma kabisa, hadi ndani ya kitako, ili mtutu ubaki na urefu wake huku silaha nzima ikipungua. Jambo jema kwa askari anayeshuka garini au anayepita mlangoni. Lakini tundu la kutemea maganda lilibaki upande wa kulia, mahali pale pale shavu la mtu wa mashoto linapolala. Kwa mtu wa kulia, ganda linakwenda zake hewani. Kwa yule mwingine, linakwenda usoni.

Kasoro kama hiyo hugunduliwa katika majaribio, ikiwa majaribio ni ya kweli. Haya yalikuwa ya heshima tu, kwa kuwa zabuni hiyo iliolewa kabla ya posa. Mkubwa mmoja alikwishaahidi jukwaani kwamba jeshi litapokea silaha za kisasa kabla ya mwaka wa bajeti kufungwa, na wakala wa kiwanda alikwishagawa kofia na kalamu zenye nembo. Hata hivyo kamati ya ununuzi ilitaka kuonekana imeuliza, ikapeleka swali kwa kila kambi: mna askari wanaofyatua kwa bega la kushoto? Kila kambi ikajibu hakuna. Hata kambi ya Mashoto ilijibu hakuna, kwa kuwa utaratibu haukumtambua, na asiyetambuliwa hahesabiwi. Ni sawa na kuwakataza watoto kulia, kisha ukatangaza kwamba katika nyumba hiyo hakuna mtoto anayeumwa.

Mwenyekiti wa kamati hiyo, kanali mmoja mrefu mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, alimfuata Mashoto karakanani. Hakuwa mwizi; alikuwa mtu aliyesukumwa kutoka juu naye akajifunza kusukuma walio chini. Alikuja na ombi lenye sauti ya msaada. Aseme tu kwamba alikosea, aanze kufyatua kwa bega la kulia, na Jumatatu atarudishiwa uwanja wake.

“Nikisema nilikosea, afande,” Mashoto akajibu, “kuruta atakayechanika baada yangu naye ataambiwa amekosea.”

“Wewe ni mmoja, Mashoto. Jeshi haliwezi kushonewa nguo kwa kipimo cha mtu mmoja.”

Mashoto akaokota ubao wenye urefu wa bunduki, akamkabidhi. Akamwomba, kwa adabu zote, ajibanze ukutani ndani ya mlango wa karakana, ukuta ukiwa kushoto kwake, kisha achungulie nje kama aliye vitani, ubao ukiwa bega lake la kulia. Kanali akachungulia. Ili ubao utoke, ilimbidi atoe kichwa, kifua na nusu ya tumbo.

“Adui ameshakupa pole,” Mashoto akasema. “Sasa hamishia kushoto.”

Akahamishia. Safari hii kilichotoka nje ni jicho na ncha ya bega. Mashoto akagusa ubao karibu na shavu la kanali, akamwonyesha ganda lingetokea wapi. Kila askari, akamweleza, awe wa mkono upi, siku moja atafika kwenye kona inayokunja kushoto. Bunduki kongwe ilimruhusu kuhamisha bega. Hii itamtaka achague kati ya uso na kifua. Kanali aliurudisha ubao, akasema ombi lake liko palepale.

Jioni, mumewe, muuguzi wa zahanati, alimbadilishia bandeji akiwa na mzaha wake wa kawaida. “Mke wangu, wenzako huletwa na majeraha ya adui. Wewe umejeruhiwa na rafiki, tena bado yuko kwenye karatasi ya kiwandani.” Mashoto alicheka upande mmoja wa uso, kisha akawaeleza yeye na mama habari ya ombi. Hakuficha kwamba lilimtamanisha. Karakana ilimnyonya moyo. Kila mlio wa risasi kutoka uwanjani ulimfikia kama sauti ya watoto wake wakilelewa na mtu mwingine. Mama yake, aliyekuwa akikunja kitambaa mezani, aliuliza jambo moja tu.

“Unaupenda ule uwanja?”

“Naupenda, mama.”

“Basi urudi kwa miguu yako. Ukirudi kwa magoti, hutaweza kumfundisha mtu kusimama.”

Asubuhi alipeleka jibu kwamba hakukosea. Kanali hakumkaripia. Alimpa kazi: kamati ya wabunge ilikuwa inakuja kushuhudia onyesho la mwisho kabla ya mkataba kutiwa saini, hivyo karakana ijenge mtaa wa mbao uwanjani, wenye kuta na milango. Mchoro ulitoka kwa wakala. Mashoto aliutazama mara moja akaona kona zote zimekunjia kulia. Angeweza kunyamaza na kuujenga apendavyo. Hakutaka ushindi wa kuvizia. Alijenga mtaa wenye kona za pande zote mbili, kisha akaenda kumwambia kanali mwenyewe.

“Mchoro wa wakala una kona za kulia tupu, afande. Mtaa wa namna hiyo sijawahi kuuona. Mtu angezunguka mpaka arudi alikotoka.”

Kanali alipiga kicheko kabla hajajizuia. Akatoka, akatembea katikati ya kuta zile zinazonukia mbao mbichi, akasimama kwenye kona ya kushoto kwa muda mrefu. “Uache hivyo,” akasema.

Mlengaji aliyechaguliwa kwa onyesho alikuwa koplo aliyeitwa Sindano, mwanafunzi wa zamani wa Mashoto, ambaye hakuwahi kuonekana akitumia bega la kushoto. Mashoto alimtafuta, akamwonya wazi: abaki bega la kulia, hata akihesabiwa marehemu, au avae kinga nzito ya uso. Sindano aliichukua kinga, akaigeuzageuza mikononi.

“Sajenti, nyumbani nilikuwa natupa mawe kwa kushoto,” akasema polepole. “Huku ndiko walikoninyoosha.”

Siku ya onyesho wabunge walikaa chini ya turubai, wakala akiwasimulia kwa fimbo yake ya kuelekezea. Kwenye kona za kulia Sindano alipita kama mtu apitaye sebuleni kwake, vibao vikapigwa, makofi yakapigwa. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto alibaki bega la kulia. Kifua kikatoka nje, na mwamuzi akainua bendera nyekundu ya kumhesabu marehemu. Wakala akanong'ona kwamba koplo ana wasiwasi wa kutazamwa. Sindano akaomba ruhusa ya kurudia. Akashusha kinga, akahamishia bunduki kushoto, akajibanza, akafyatua mfululizo. Maganda yaligonga kinga ile moja baada ya jingine, yakilia kama changarawe kwenye sufuria, na moja likamwingia kolani hata akaruka. Kibao kilipoletwa, matundu yalikuwa yamebanana katikati kuliko alivyowahi kuyabana kwa bega lolote. Kioo cha kinga kilikuwa na ufa.

Mbunge mmoja, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akauliza ingekuwaje bila kinga. Sindano akajibu, “Mheshimiwa, muulizeni fundi wa vibao.” Mashoto akaitwa, na hakuhitaji kueleza mengi, kovu lake lilikuwa limetangulia. Wakala akakumbusha kwamba jeshi hili halina watu wa mashoto, kambi zote zilijibu hivyo. Hapo kanali akasimama. Akaigeukia safu ya askari waliokuwa wamejipanga kwenye jua kali, akawaambia kwamba leo hataadhibiwa mtu: ambaye utotoni alitupa mawe kwa kushoto, ainue mkono huo.

Sindano akainua. Kisha mpishi karibu na tangi la maji, kisha dereva, kisha mikono ikaendelea kuchomoza safuni, mingine kwa aibu, kama watu wanaokiri udokozi.

“Kumbe hamkuwauliza watu,” yule mama mbunge akasema. “Mliuuliza utaratibu.”

Mkataba haukutiwa saini siku hiyo, na waliokwishaufurahia hawakukubali kirahisi. Gazeti moja liliuliza kama shavu la mwanamke mmoja lizuie usalama wa nchi. Cheo ambacho kanali alikuwa akikitarajia kilimpita bila kumsalimia. Mashoto aliendelea kugonga misumari mwaka mzima, na waliompeleka kule hawajamwomba radhi hadi leo. Lakini kiwanda, kilipobanwa, kiliketi na kubuni upya kile kilichokuwa kimesema hakiwezekani, na ripoti ile ya kwanza ilifutwa. Asubuhi aliyorudi uwanjani alikwenda kwa miguu, akapita mbele ya karakana, akasimama kwenye mstari wa kufyatulia na kuwauliza makuruta swali ambalo hakuna aliyewahi kuulizwa mahali pale: jicho lako zuri la kulengea ni lipi?

Bunduki mpya za kwanza zilipokelewa kambini tarehe 14 Juni 2022, kila moja ikiwa na tundu la maganda linaloweza kugeuzwa kulia au kushoto.