Kope Zangu kwenye Hadubini

Mwanangu, hujazaliwa bado, na mimi mwenyewe niko kidato cha tatu tu hapa Dodoma. Lakini kuna siku moja ya mwaka jana naikumbuka, nataka nikuwekee humu daftarini kabla aibu haijanifanya niifupishe.

Mwalimu Chilewa, mama anayetufundisha baiolojia, alitupanga foleni mbele ya hadubini moja ya shule, dirishani penye jua. Ndani yake kulikuwa na ncha ya mzizi wa kitunguu, imekatwa kwa wembe mpya na kutiwa rangi nyekundu. (Siku hizi maduka yamejaa nyembe. Mama yangu anasema zamani hata wembe mmoja ulikuwa wa kutafuta.) Mwalimu alishatueleza kwamba seli ikitaka kugawanyika hunakili kromosomu zake, kisha nyuzi nyembamba mno hutoka pande mbili kuzitafuta: zinarefuka, zinakosa, zinafupika, zinajaribu tena. Zikizipata, zinavuta kila nakala upande wake. Akasema michoro yetu ndiyo itaamua nani ataingia mchepuo wa sayansi, na mimi sikutaka kingine.

Zamu yangu ilipofika niliona ukungu tu. Nyuma wakaanza kuniuliza kama nimelala humo. Nikaona haya kusema sioni. Mara mistari myeusi ikachezacheza, nikafurahi, nikaichora yote na kuandika: nyuzi.

Mwalimu aliitazama karatasi, akanitazama usoni. "Binti, hizi ni kope zako."

Kumbe hadubini yetu haiwezi kuonyesha nyuzi zile. Nikajua sayansi ndiyo basi. Yeye akanirudisha kwenye kiti.

"Kromosomu moja tu ikiwa haijashikwa pande zote mbili, seli inasubiri," alisema. "Ikiharakisha, upande mmoja utapungukiwa. Sasa wewe ulikuwa unamkimbilia nani?"

Nikazungusha polepole skrubu ya kurekebishia picha. Ukungu ukatoka: vijiti vyekundu, mafungu mawili yanayoachana, katikati peupe. Nilisahau foleni.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Sizioni, mwalimu."

"Andika hivyohivyo."

Niliandika, na sayansi nikaingia. Bado najiuliza, nyuzi zinajuaje kwamba zimeshika?

Basi mwanangu, usiseme umeona kabla hujaona. Sema sijaona, hata foleni ikikugunia, kisha tazama tena. Mungu akujalie macho yasiyochoka kuuliza, na mtu wa kukusubiri.