Zuberi Hakumfuata Mtu

Kwanza kabisa, Zuberi hakumfuata mtu. Hakumfuata Wanjohi, hakumtuma mtu amfuate Wanjohi, wala hakukitamani cheo cha Wanjohi, cheo chenyewe kikiwa ni filimbi na mistari miwili begani. Na hakufukuzwa kazi. Wengi wanaosema alifukuzwa walikuwa hawajakanyaga Doha wakati huo, lakini wakisimulia utadhani ndio walioandika barua ya kumfukuza.

Hayo Bi Warda, mjane wa Zuberi, alimwambia Chelsea mlangoni kwake Al Rayyan, kabla hata ya kumkaribisha ndani. Chelsea alikuwa katibu wa chama cha wasomaji wa Kiswahili, binti wa Nakuru anayehudumu hotelini siku za kazi. Alikuwa na karatasi mkononi. Chama kilitaka kuchapa kijitabu cha vibonzo vya Zuberi kwa ajili ya siku ya jumuiya, na karatasi ile ilikuwa utangulizi wake.

"Mwalimu, ni draft tu," alisema Chelsea. "Tunaweza kurekebisha."

"Kaa. Tutarekebisha."

Bi Warda alivaa miwani. Alikuwa amefundisha Kifaransa miaka kumi na tisa katika shule ya sekondari Mombasa, na karatasi ikiingia mikononi mwake haitoki bila wino mwekundu. Mstari wa tatu ulisema Zuberi alitafsiri "kwa Kifaransa chake cha hotelini". Mstari wa saba ulisema neno moja alilolitafsiri vibaya "lilizua kisa cha ujasusi". Mwisho kabisa Wanjohi mwenyewe alinukuliwa akisema: "Nilimsamehe zamani."

"Amsamehe nani?" Bi Warda aliuliza. "Huyu Wanjohi? Huyu huyu?"



Ukweli wa mambo ni huu. Zuberi alikuwa askari wa getini katika jengo moja la makazi pale The Pearl. Mwaka wa 2018 Mfaransa mmoja mzee alihama ghorofa ya nane, akamwachia sanduku la magazeti ya zamani, na juu yake akabandika karatasi yenye jina la Zuberi na sahihi yake mwenyewe. Karatasi ile Bi Warda anayo hadi leo, kwa sababu anawajua watu.

Ndani mlikuwa na hadithi ya vibonzo iitwayo *Les Portiers de Titan*, yaani Mabawabu wa Titan. Ni habari za walinzi waliopelekwa kwenye mwezi wa mbali kulinda lango, miaka nenda miaka rudi, bila hata mmoja wao kuruhusiwa kupita. Ilianza kutoka mwaka 1971 katika gazeti la watoto lililochapwa Lyon kila Jumatano, kurasa mbili mbili. Mwaka 1976 gazeti lilikufa, na hadithi ikakatika katikati: Bawabu wa Tisa amesimama langoni, ufunguo mkononi, na chini yake maneno yale yale ya kila wiki. Baadaye mchapishaji mwingine alizikusanya kurasa katika vitabu vitatu vya jalada gumu, akazipaka rangi mpya mbaya, akayafuta maneno ya chini. Kitabu cha nne, chenye mwisho, kilimaliziwa na binti wa mchoraji kwa wino mweusi mtupu, nakala mia chache, na karibu hakuna aliyekiona. Yote haya Zuberi aliyatafuta mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, akiwa kwenye basi la kampuni. Huyo ndiye wanayemwita mtu wa Kifaransa cha hotelini.

Ni kweli Kifaransa alikipatia Diani, akiwatembeza watalii. Alikiongea vizuri kuliko alivyokisoma. Ndiyo maana akikwama alimpigia simu mkewe, ambaye wakati huo alikuwa bado Mombasa.

Kila Ijumaa alizinakili picha kwa mkono, akaandika Kiswahili ndani ya mapovu ya maneno, akatoa fotokopi, na kuibandika moja kwenye mlango wa chumba chake kambini, Industrial Area. Walinzi walijazana pale hadi wengine wakachelewa chakula. Waganda walisomewa kwa sauti. Na chini ya picha ya mwisho, kila wiki, kwa herufi kubwa, palikuwa na neno moja: AFUATWE.

Kwa wiki kumi hakuna aliyelijali. Wiki ya kumi na moja picha ya mwisho ilimwonyesha Mkuu wa Lango akiondoka, mgongo huu mpana, tumbo limemtangulia, filimbi ikining'inia. Mfaransa alimchora mtu yule kabla Wanjohi hajaota hata jino la kwanza. Lakini kufanana kulikuwepo, Bi Warda hakatai.

Basi kulikuwa na askari mgeni, Kioko, kijana wa Kitui aliyekuwa na wiki mbili tu kazini. Kambini kila kilichobandikwa ukutani kilikuwa amri, na amri zote ziliandikwa namna moja. Kofia ivaliwe. Viatu vipigwe rangi. Taa izimwe. Kioko akasoma: Afuatwe. Akatii.

Alimfuata Wanjohi, msimamizi wa zamu, siku tatu nzima, na kwa kuwa alikuwa askari mwadilifu aliandika kila kitu katika daftari la matukio. *Saa tatu na dakika kumi. Ameingia duka la chai ya karaki. Amekunywa vikombe viwili. Saa nane. Ameingia chumba cha pampu. Amelala. Saa tisa na nusu. Bado amelala. Anakoroma.*

Daftari lile husomwa na mudiri, yaani meneja wa kampuni, kila Jumapili.

"Nani amekutuma?" Wanjohi alifoka mbele ya mudiri.

"Afande, si ilibandikwa?" alijibu Kioko. "Kitu kikibandikwa si ni oda?"

Wakaitwa Zuberi na karatasi yake. Mudiri akataka kujua neno lile ni la nani.

"Langu," alisema Zuberi.

"Umelitoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

Wakamhamishia ghala moja Industrial Area, asimame getini juani. Alisimama miezi minne, kisha akaandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wake, sentensi tano, hakuna kosa hata moja, akapata kazi ya mapokezi hotelini. Hapo alikaa hadi moyo wake uliposimama miaka miwili iliyopita. Wanjohi naye alibaki na filimbi yake. Ndiye leo anayesamehe watu.

"Sawa, hiyo ya kusamehe tunatoa," alisema Chelsea. "Lakini Mwalimu, hili neno lazima tulieleze. *À suivre* ni 'itaendelea', siyo? Hata mimi nimegoogle. Wasomaji watauliza mbona alikosea kitu rahisi hivyo. Watasema hakujua lugha."

Bi Warda alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Angeweza kuunyamazia mstari wa tatu. Wangeendelea kumcheka Zuberi, mtu wa hotelini, na yeye angebaki Mwalimu, mwenye shahada ukutani.

Aliikumbuka simu ile. Alikuwa akisahihisha mitihani. Zuberi, akimwita kwa jina la binti yao kama kawaida, akauliza, "Mama Time, *à suivre* ni nini?" Naye akajibu, bila kuinua kalamu, kwamba ni cha kufuatwa, andika afuatwe. Hakumwuliza limeandikwa wapi. Vibonzo aliviona upuuzi wa watoto. Hakuwahi kufungua hata kimoja maishani mwake, na yeyote aliyewahi kufungua kimoja angejua. Ni Zuberi aliyegundua, kisha akacheka, kisha hakulitaja tena. Hata mbele ya mudiri.

"Andika," alisema.

Chelsea akashika kalamu.

"Neno 'afuatwe' lilichaguliwa na mkewe, Warda, mwalimu wa Kifaransa. Zuberi aliliandika kama alivyopewa. Kosa si lake. Nukta."

Kalamu ilisimama. "Wewe, Mwalimu?"

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Sasa mbona yeye hakusema? Si angebaki The Pearl? Na baadaye mlipoishi hapa pamoja, mliwahi kuliongelea?"

"Umeshaandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Chelsea akasoma. Bi Warda akaongeza alama ya mkato mahali ilipokosekana, akampa karatasi, akasimama na kufungua mlango.

"Mwalimu, tafadhali, hiyo moja tu. Aliwahi kukulaumu?"

"Sisemi," alisema Bi Warda. "Vaa viatu."